Shanga Mbili, Pua Mbili

Dada wa mapokezi aliniuliza swali la kawaida kabisa, analomuuliza kila mtu kutwa nzima: "Mgonjwa ni nani?"

Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akanitazama. Yeye alikuwa anapumua kwa tundu moja tu la pua, la kushoto. Mimi nilikuwa napumua kwa tundu moja tu, la kulia. Tukiunganishwa tulikuwa na pua moja nzima.

"Wote wawili," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyejifungia kabatini.

"Mnasumbuliwa na nini?"

"Shanga."

Akaacha kuandika. Akageuka akamwita mwenzake wa dirisha la pili: "Hebu njoo usikie."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na mke wangu alikuwa na safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Aliniachia karatasi ya maagizo iliyoandikwa mbele na nyuma: saa ya kula, saa ya kulala, nguo ipi, kikombe kipi, na mwishoni, kwa herufi kubwa, USIMWACHE PEKE YAKE. Nilikasirika kidogo. Mimi kazini nasimamia watu kumi na wawili, na wote wanajua kwenda chooni wenyewe. Nikamwambia, "Nenda salama. Mtoto mmoja tu, atanishinda nini?"

Mke wangu hakujibu. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayepanda ngazi na ndala zilizolowa maji.

Mwanangu ana miaka mitatu na miezi minne. Nyumbani namwita Mheshimiwa, kwa sababu hajawahi kujibu swali moja kwa moja, akitoka lazima abebwe, na ahadi zake zote ni za kesho. Asubuhi ile alikataa shati kwa sababu lilikuwa shati. Akataka kuvaa viatu mwenyewe, tukatumia karibu nusu saa, na vyote viwili vikaishia kwenye mguu usio wake. Nikajaribu kuvibadilisha, akalia mpaka nikaviacha. Alitaka maji. Nikampa maji. Kumbe alitaka kuyamimina mwenyewe, kwa hiyo ilibidi yale maji yarudi kwenye jagi ili yaanze upya. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimechoka kama niliyebeba mifuko ya saruji, na kwenye karatasi ya maagizo tulikuwa bado hatujafika mstari wa tano.

Ndipo nyumba ikatulia.

Waliolea wanajua hapo nilipaswa kufanya nini. Mimi nilikaa. Nikanyoosha miguu juu ya meza, nikachukua simu, nikawaza kwamba kumbe kulea si kazi ya kutisha kama wanavyosema. Nilikaa hivyo dakika tano, labda saba. Halafu ule utulivu ukaanza kuniwasha. Kelele za mtoto ni kama za jenereta: zikikatika ndipo unapokurupuka.

Nilimkuta kwenye sakafu ya chumba chetu. Ule mkufu wa shanga za bluu wa mama yake ulikuwa umekatika, shanga zimetawanyika hadi chini ya kitanda. Yeye alikuwa amekaa katikati, ameinamisha kichwa upande mmoja, kidole kikiwa puani, na uso wa mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko mrefu.

"Unafanya nini?"

"Imelala."

"Nani amelala?"

"Shanga. Imeingia kulala."

Nikawasha tochi ya simu, nikamwinua kidevu. Naam. Huko ndani, nyuma ya kamasi, kulikuwa na kitu cha bluu kinang'aa, kama jicho la mlinzi ndani ya kibanda chake.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kibano cha nyusi cha mke wangu. Nilipekua droo zote, nikakikosa. Alikuwa amesafiri nacho. Baadaye daktari aliniambia hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu pekee siku ile, maana shanga ni ya mviringo na inateleza, ukiibana kwa kibano inaponyoka na kuzama zaidi.

Wazo la pili lilikuwa kupenga. "Penga kamasi," nikamwambia, "penga kwa nguvu!" Sasa, kwa mtoto wa umri ule, kupenga ni elimu ya juu. Anajua pua inatumika na hewa inahusika, ila hewa iende upande gani ndilo somo ambalo hajalifikia. Akavuta. Fyuuu! Nikamulika tena. Mlinzi alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

"Siyo kuvuta! Kutoa! Toa nje!"

Akavuta tena, kwa bidii zaidi, ili kunifurahisha.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la tatu, na naomba msikie nilivyolifikiria ili mjue halikutoka kwa mjinga. Watoto hujifunza kwa kuona. Kila mtu anasema hivyo. Nikaokota shanga sakafuni, ndugu yake na ile nyingine, nikapiga magoti mbele yake. "Mwangalie baba," nikasema. "Baba anaweka hapa. Baba anaziba huku. Halafu baba anapenga, puu! Inatoka." Nikaiweka mlangoni tu mwa tundu la kushoto, haikuingia hata nusu. Nikaziba tundu la kulia kwa kidole. Nikafunga mdomo kabisa, ili mtoto aone ni pua ndiyo inayofanya kazi.

Halafu, kabla ya kupenga, nikavuta pumzi.

Wepesi wa akili wameshaona tatizo. Ili utoe hewa ni lazima kwanza uiingize, na mimi nilikuwa nimefunga milango yote isipokuwa ule mmoja aliosimama mgeni. Shanga ikaondoka mlangoni ikaenda kukaa sebuleni. Niliisikia ikipita. Ina ubaridi.

Tukatazamana. Mheshimiwa akanisogelea, akaniwekea mkono begani kama ninavyomfanyia yeye akianguka. "Pole, baba. Usilie."

Sikuwa nalia. Macho yalikuwa yanatoa maji yenyewe.

Kisha akaokota nyingine sakafuni, akaninyooshea. "Na hii?"

Nilipenga mpaka masikio yakaziba. Nikanusa pilipili manga ili nipige chafya; nikapiga saba mfululizo, zote zikatokea mdomoni, na kila moja Mheshimiwa aliishangilia kama goli. Kumpigia simu mke wangu nilifikiria, kisha nikaghairi. Nikafagia shanga zote, nikazitia mfukoni, nikambeba mtoto.

Getini tukakutana na jirani. "Mnaelekea wapi, baba?"

"Baba ameweka shanga puani," akasema Mheshimiwa.

Ya kwake hakuitaja. Wala jirani hakuuliza mengi. Aliinamisha kichwa tu akapita, mabega yakimtikisika.

Basi tukafunguliwa kadi mbili. Kwenye ya mtoto dada aliandika: miaka 3, shanga puani. Kwenye ya kwangu: miaka 36, kama hapo juu.

Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza kifuani. Hakucheka, jambo lililonitia moyo, na swali lake la kwanza lilinitoa utani wote uliobaki: "Una uhakika ni shanga? Si betri, zile ndogo za duara za saa?" Nikamwaga ushahidi mezani. Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba betri ya aina hiyo ikikaa puani huanza kuunguza nyama ndani ya saa chache tu, kwa hiyo mtoto akiwa nayo haisubiriwi hata foleni. Mbegu nazo zina ubaya wake, zinanyonya unyevu zikavimba. "Shanga ina ustaarabu," akasema. "Inakungoja."

Akamkagua mtoto tundu la kwanza, tundu la pili, kisha masikio yote mawili. Akasema mtoto akishagundua kwamba mwili una matundu, huyatembelea yote. Kwenye masikio hakukuwa na kitu. Akanigeukia. "Na wewe nikukague masikio?"

Nikasema hapana. Akanikagua.

"Tunaanza na mtoto," akasema. "Kuna mbinu inaitwa busu la mama. Madaktari wanaiandika tangu 1965, na haihitaji chombo chochote. Mama yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Basi leo ni busu la baba."

Mbinu yenyewe ni hii: unaziba kwa kidole lile tundu la pua lililo wazi, unafunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wako usivuje upepo, unapuliza pole pole mpaka usikie hewa imegoma, halafu unapuliza mara moja kwa kishindo. Hewa ikikosa pa kwenda inatokea puani na kumsukuma mgeni kutoka nyuma. Kwa watoto kama 6 kati ya 10 inafaulu, na isipofaulu ndipo vyombo vinatolewa. "Mwambie tu unampa busu kubwa," daktari akasema.

"Njoo baba akupe busu kubwa."

Mheshimiwa akajifuta mdomo kabla hata sijamfikia. "Ndevu," akasema.

Mara ya kwanza alicheka ndani ya mdomo wangu. Mara ya pili aliamua kunitangulia, akapuliza yeye, mashavu yangu yakajaa kama ya mpiga tarumbeta. Mara ya tatu sista akamshika kichwa, mimi nikapuliza, nikasikia ile hewa kugoma, nikamalizia kwa kishindo. Kitu kikanigonga shavuni. Shanga ilikuwa imenata chini ya jicho langu, imeunganishwa na pua ya mwanangu kwa uzi mrefu wa kamasi, unaotanuka na kunywea kila alipopumua. Hakuna aliyesogea. Nadhani sote tulikuwa tunaustaajabia.

"Sasa mimi nimpe baba," akasema Mheshimiwa.

Daktari akasema kwa mtu mzima mbinu hiyo haitumiki. Mheshimiwa hakukubali mgonjwa wake abaguliwe. Alipanda magotini kwangu, akaniziba jicho badala ya pua, akanipulizia mate uso mzima. Akashuka. "Haitaki," akamwambia daktari, kama mwenzake wa kazi.

Yangu ikatolewa kwa kijichombo chembamba chenye ncha iliyopinda, kinachopitishwa nyuma ya shanga kisha kinaivuta. Sista, yule yule, safari hii alishika kichwa changu. Mheshimiwa alinishika kidole gumba. "Usitikisike, baba. Kidogo tu. Imeisha. Imeisha." Maneno hayo ni yangu, ninayomwambia siku za chanjo, na nikiwa nimelala pale nilitambua kwamba ni uongo mtupu. Haikuwa imeisha.

Tukapewa shanga zetu kwenye bahasha ndogo, pamoja na onyo kwamba upande mmoja wa pua ukianza kutoa majimaji yenye harufu mbaya, turudi. Mheshimiwa akapewa karatasi ya kubandika yenye nyota, kwa ushujaa wake. Mimi nilisubiri kidogo. Sikupewa kitu.

Alasiri nzima niliutunga ule mkufu upya. Na kabla mama hajafika nikamkalisha mwanangu, tukafanya mazungumzo ya kiume. Nikamweleza maana ya siri. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa, akarudia: "Siri." Niliridhika.

Mlango ulipofunguliwa alikimbia kwa kasi ambayo kwenye kuvaa viatu huwa haionekani. "Mama! Mama! Tuna siri! Baba aliweka shanga puani!"

Mke wangu akaweka mkoba chini. "Nani aliweka?"

"Sisi," nikasema.

Nitaruka sehemu inayofuata. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa amekaa, akamalizia akiwa sakafuni, na kila aliponyamaza Mheshimiwa alimwonyesha nilivyopiga chafya, wakaanza upya. Alipopata nguvu aliomba auone mkufu. Akaupitisha vidoleni, shanga moja moja, midomo ikihesabu.

"Zilikuwa arobaini. Hapa ziko thelathini na tisa."

Tukageuka wote wawili kumtazama Mheshimiwa. Akajipigapiga tumbo. Inawezekana alikuwa na njaa tu, lakini usiku ule nani angethubutu kukisia?

Nikampigia daktari. Nilipojitambulisha nilisikia ameweka mkono kwenye simu, kisha ukimya, kisha akarudi. Akasema shanga ndogo, laini, isiyo na ncha, ikishafika tumboni kwa kawaida hutoka yenyewe baada ya siku chache. Kama mtoto anapumua kwa shida, anatoa udenda, anakataa kula, anatapika au tumbo linamuuma, tumlete mara moja. Kama anacheza na anakula, tukague kinyesi.

Mheshimiwa wakati huo alikuwa anakula sahani ya pili. Mke wangu akaenda bafuni, akarudi na poti mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, akanikabidhi vyote.

"Mtoto mmoja tu," akasema. "Atakushinda nini?"

Jumapili nilifanya kazi hiyo mara mbili. Jumatatu asubuhi mara moja, mapema, kwa mwanga wa tochi, nimejifunga kitambaa puani, Mheshimiwa akiwa amechuchumaa pembeni kunisimamia. "Haipo," alikuwa anasema kabla hata sijaanza. "Haipo hapo, baba." Nilimwambia anyamaze, hajui kitu.

Nikaoga, nikavaa, nikakimbilia kazini. Hatua ya tatu nje ya mlango kitu kikanidunga kisigino. Nikavua kiatu, kile cha kazini, ambacho hakikuguswa tangu Ijumaa, nikakipindua. Ikadondoka mkononi mwangu, bluu, kavu, safi kabisa.

Nilisimama pale na mguu mmoja wenye soksi. Halafu nikampigia mke wangu.

"Imepatikana," nikasema.

"Alhamdulillahi! Kwenye poti?"

Nikazikumbuka zile asubuhi na kile kijiti.

"Ndiyo," nikasema. "Kwenye poti."

"Basi ioshe kwa sabuni," akasema. "Mara mbili."