Kigari chepesi cha mtoto: tukipime kinapobebwa

Mzazi mtarajiwa haikosi kauli hii: usinunue kile kigari chembamba cha kupendeza, hicho ni cha kupigia picha, nunua kigari chenye mwili, magurudumu makubwa, fremu ya kueleweka. Anayeitoa huwa na nia njema, na pengine ameshasukuma vyote viwili. Na kwenye kusukuma yuko sahihi: kigari kizito hushinda. Lakini kwa mtu anayekaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti na kwenda kila mahali kwa basi au treni, kusukuma ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Taabu iko kwenye kukiinua, kukikunja, kukipitisha mlangoni na kukitafutia pa kukiweka.

Isitoshe, wepesi haukuanza kama urembo. Owen Maclaren, Mwingereza aliyebuni kigari kinachokunjika kama mwavuli mwaka 1965, alikuwa mhandisi wa ndege. Alishiriki kusanifu magurudumu ya ndege ya kivita Spitfire, yale yanayokunjwa ndege ikishapaa. Alipomwona binti yake anavyohangaika kusafiri na kigari kizito cha mtoto, alichukua mabomba ya alumini akaunda kitu kisichofika kilo 3. Kama kilipendeza, kilipendeza kwa sababu hakikuwa na cha ziada.

Tuje kwenye uzito wenyewe. Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa wastani ana kilo 9.6 anapotimiza mwaka na 12.2 anapotimiza miaka miwili. Wa kike ana 8.9, kisha 11.5. Kigari kikubwa chenye kila kitu huwa kati ya kilo 10 na 14. Vyepesi vinavyouzwa leo kwa matumizi ya mjini vingi viko kwenye 6 au 7. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili pamoja na kigari kikubwa cha kilo 13 ni kilo 25 na ushee. Pamoja na chepesi ni 18 au 19. Mtu akiisoma tofauti hiyo kwenye karatasi anaweza kusema si kitu, mzazi mwenye afya atamudu.

Tatizo ni kwamba mzigo huo haubebwi kama gunia moja. Mtazame mzazi aliye peke yake chini ya ngazi. Akiwa na kigari chepesi kizuri, anamtoa mtoto, anampakata ubavuni kwa mkono wa kushoto, wa kulia unabonyeza kitufe kwenye mpini, kigari kinajikunja, mkanda unaingia begani, anapanda. Akiwa na kigari kikubwa, mara nyingi kiti lazima kigeuzwe au kitolewe kwanza, kisha fremu ikunjwe kwa mikono miwili. Mikono miwili! Mtoto awekwe wapi? Sakafuni, pembeni mwa ngazi? Ndiyo maana wengi hawakikunji kabisa. Humwomba mpita njia ashike mbele, wakakipandisha na mtoto akiwa ndani. Na mpita njia, asiyejua, hushika kile kishikio kinachopita juu ya mapaja ya mtoto, ambacho kwa vigari vingi kinachomoka kwa kubonyezwa tu na hakikutengenezwa kubeba uzito wa kigari. Cha kushika ni fremu, karibu na ekseli ya mbele.

Asipotokea wa kusaidia, mzazi anaghairi kutoka. Hili halionekani kwenye jedwali lolote la kulinganisha vigari, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kigari kinapokuwa kero ya kutoka nacho, safari zinazokatwa si za lazima kama kliniki. Ni zile za kunyoosha miguu, za kumtembelea rafiki, za kumwonyesha mtoto miti. Wengine hutatua kwa kukiacha chini, kwenye korido ya jengo. Huko hukabiliwa na wezi, na kibaya zaidi huziba njia ambayo watu wangekimbilia moto ukitokea. Kigari kilichokunjwa kikaegemezwa nyuma ya mlango wa nyumbani hakimkeri yeyote.

Watengenezaji wenyewe wamechangia kuwafanya watu wadhani kigari chepesi ni cha matajiri wasafiri. Tangu kampuni ya Ufaransa ya Babyzen ilipotoa YOYO mwaka 2012, kigari cha kilo zipatazo 6 kinachokunjika hadi sentimita 52 kwa 44 kwa 18, matangazo ya aina hii yamejaa viwanja vya ndege. Mantiki yake ni kwamba kinaingia ndani ya vipimo vya mzigo wa mkononi vinavyopendekezwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, 56 kwa 45 kwa 25, ingawa kila shirika la ndege lina sheria zake na halifungwi na pendekezo hilo. Sawa. Lakini ni watu wangapi hupanda ndege na mtoto kila wiki? Kinachotosha kwenye sanduku la juu la ndege ndicho kinachotosha miguuni mwako ndani ya basi lililojaa, na huko ndiko kinakofanya kazi hasa.

Wanaokipinga, hata hivyo, wana hoja ambazo hazifutiki kwa kusifia mkunjo. Ya kwanza ni magurudumu. Chukua gurudumu la kipenyo cha sentimita 13 na jingine la sentimita 30, yote yagonge ukingo wa sentimita 3 yakibeba uzito sawa. Kwa hesabu ya nguvu, dogo linahitaji kusukumwa kwa nguvu takriban mara mbili ya kubwa ili lipande. Kwenye lami nzuri hutajua. Kwenye njia iliyopasuka, changarawe au mchanga, kigari chepesi hukwama ghafla na mtoto husukumwa mbele, kwa hiyo mikanda ya ncha tano, ile inayoshika mabega, kiuno na katikati ya miguu, isiwe ya kufungwa siku za sherehe tu. Kama njia zako za kila siku ni mbovu hivyo, hoja yangu ya ngazi haikuhusu sana. Nunua magurudumu makubwa.

Ya pili ni mtoto mchanga. Kiwango cha Ulaya cha EN 1888 kinataka kiti cha mtoto wa chini ya miezi 6 kiweze kulala, pembe kati ya kikalio na egemeo ikiwa nyuzi 150 au zaidi. Si suala la starehe. Shingo ya mchanga haijakaza, na akikalishwa wima kidevu huangukia kifuani na kubana njia ya hewa. Vigari vingi vyembamba havifiki hapo bila kununua kitanda chake cha ziada, na ukijumlisha bei ya kitanda hicho, unafuu uliokuvutia dukani unaweza kuwa umeshayeyuka.

Kuna na kimo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, uliotoka 2018, ulieleza kwamba watoto walio kwenye vigari wanaweza kuvuta hewa chafu hadi asilimia 60 zaidi ya wazazi wao, kwa kuwa wako karibu na usawa wa bomba la moshi la magari. Vigari vya mtindo wa mwavuli hukaa chini zaidi, na hapo wapinzani wamenishika. Kukaa mbali na ukingo wa barabara, hasa kwenye taa ambako magari yanasubiri na kuunguruma, kunasaidia kiasi.

Usalama wa mkunjo nao hutajwa kama dosari ya vyepesi. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren iliwatangazia wateja wa Marekani marekebisho ya vigari karibu milioni moja, baada ya ripoti 12 za watoto waliokatwa ncha za vidole kwenye bawaba. Ni jambo la kutisha, lakini kosa lilikuwa bawaba isiyofunikwa, na tiba ilikuwa vifuniko vya bawaba. Chochote kinachokunjika kina hatari hiyo, kiwe cha kilo 6 au 14.

Ninapokubaliana nao kabisa ni kwenye urembo unaolipiwa. Wepesi una kazi. Rangi ya mpini haina. Kuna vigari vilivyokatwa paa ili viwe na umbo la kuvutia, mtoto akabaki na jua usoni, na mzazi akatupia kitambaa juu ili kumkinga, jambo ambalo huzuia hewa kupita na kupandisha joto ndani haraka. Kikapu cha chini hupunguzwa pia. Basi mfuko wa manunuzi unaning'inizwa kwenye mpini, na kigari cha kilo 6 chenye mfuko wa kilo 5 nyuma hukaa salama hadi pale unapomwinua mtoto. Hapo kinabinuka chali, na mayai yamo mfukoni.

Dukani, muuzaji atakikunja mwenyewe, kikiwa kitupu, kwenye sakafu ya vigae. Mwombe ukikunje wewe, mtoto au hata mkoba mzito ukiwa mkono mmoja. Tazama pia kama kikishakunjwa kinasimama chenyewe. Vingi vinajilaza, na ndani ya basi lililojaa, kigari kisichosimama kitakukera kuliko ukubwa wa gurudumu.