Acheni kuvuta picha, ile mistari myeusi haina kosa

Mama mmoja wa Ujiji alinipigia simu saa mbili usiku. Siku mbili kabla nilikuwa nimemkabidhi flashi yenye harusi yake ya mwaka 1997, niliyoihamisha kutoka kwenye mkanda wa VHS. "Mwanangu," akasema, "umenipa harusi ya nani? Ukumbi ni wenyewe, gauni ni langu, ila baba watoto hakuwa hivi."

Kesho yake nikafunga duka mapema, nikapanda bajaji kutoka Mwanga hadi kwake. Shikamoo, marahaba, nikakaribishwa sebuleni. TV ya inchi 32 ipo juu ya kabati, kitambaa cha kufuma kimetandikwa chini yake. Akaiwasha. Bwana harusi akatokea na mabega yaliyojaa kioo, shingo imezama, uso umelala kama chapati. Nyuma yake ukutani kulikuwa na saa ya duara, na ile saa ilikuwa yai lililolazwa ubavu. Sikuhitaji kutazama kingine. Nikaomba rimoti, nikabonyeza kitufe cha ukubwa wa picha hadi pakatokea 4:3. Pande mbili za kioo zikawa nyeusi, kila upande kama upana wa kiganja, na katikati akasimama mwanaume mrefu, mwembamba, mwenye shingo. Saa ikawa duara.

Mama akashika pembe ya kanga. "Huyo ndiye," akasema.

Kijana wake wa mwisho alikuwa amekaa kwenye mkeka. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, na ule mkanda ulikaa kabatini miaka yote tangu deki ilipokufa. Kwa siku mbili alikuwa anamtazama baba yake kwa mara ya kwanza maishani, na aliyemwona siye. Alikuwa ameshawaambia rafiki zake kwamba baba alikuwa mnene.

Ndiyo maana naandika. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na kuhamisha mikanda ya zamani, na karibu kila nyumba ninayoingia hapa Kigoma nakuta picha imevutwa hadi ijaze kioo. Watu hawaoni tena. Nikiirekebisha, naambiwa: "Mbona picha haijajaa? Mimi nimelipia inchi 32 zote." Naelewa uchungu wa hela. Lakini kioo ni chombo, na mtu aliyemo ndani ni mtu. Kumtanua ili kioo kisibaki na nafasi ni kumkosea, hasa akiwa hayupo tena kujitetea.

Hesabu yake ni hii. Mikanda yetu yote ya zamani, na matangazo karibu yote ya enzi za TV za chogo, yalitengenezwa kwa uwiano wa 4:3, yaani upana sehemu 4 kwa kimo sehemu 3. Flati za leo ni 16:9. Ukiivuta picha ya 4:3 ikajaa 16:9, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja nzima, huku kimo kikibaki vilevile. Uso wa sentimita 15 unakuwa wa sentimita 20. Hakuna uso unaovumilia hilo. Kitufe cha zumu nacho kina dhambi yake: hakimtanui mtu, ila kinakata robo ya picha juu na chini. Kwenye harusi hiyo robo ndiyo kilemba cha bibi, na ndiyo miguu ya wacheza ngoma.

Sasa, wengi wanadhani mistari myeusi ni ubovu wa TV au uzembe wa fundi. Historia inasema kingine, na kwangu hapa ndipo penye utamu wa jambo zima. Ule uwiano wa 4:3 ulitoka kwenye sinema kabla TV haijakuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwenye maabara ya Thomas Edison huko Marekani, William Dickson alichukua utepe wa filamu wa milimita 35 na kuamua kila picha ishike matundu manne ya pembeni. Ikatoka picha ya upana wa inchi 1 na kimo cha robo tatu ya inchi. TV zilipokuja zikafuata umbo hilohilo. Watu wakaanza kubaki nyumbani, na sinema nazo zikatanuka ili zitoe kitu ambacho sebule haina: mwaka 1953 ikaja CinemaScope, pana zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Baada ya hapo kila studio ikawa na upana wake.

Miaka ya 1980 wahandisi walipokaa kupanga TV mpya, ilibidi wachague umbo moja. Mmoja wao, Kerns Powers, alichora mistatili yenye eneo sawa, kila mmoja kwa uwiano uliokuwa ukitumika, kuanzia 4:3 hadi zile filamu pana kabisa. Akaipandanisha yote kwenye kitovu kimoja. Akaona kuna mstatili mmoja wa nje unaoizunguka yote na mmoja wa ndani uliomo katika yote, na yote miwili ina uwiano uleule: upana mara 1.78 ya kimo. Hiyo ndiyo 16:9.

Kwa hiyo 16:9 ni suluhu, kama wazee wanavyosuluhisha mpaka wa shamba: kila upande unaachia kidogo. Filamu pana inaachia juu na chini, picha ya zamani inaachia kushoto na kulia. Mistari myeusi ilikuwemo kwenye mapatano tangu siku ya kwanza. Anayeiondoa kwa kuvuta picha anavunja mapatano yaliyofanya kioo chake kiwe na umbo kilicho nalo.

Na inapendeza ukiitazama kwa pikseli, vile vidoa vidogo vinavyojenga picha. Kioo cha 1920 kwa 1080 kikionyesha 4:3 sawasawa, picha inachukua 1440 kwa 1080, zinabaki pikseli 240 kila upande. Kioo cha 1366 kwa 768 kinabakiza 171 kila upande, na katikati inakaa 1024 kwa 768, saizi ileile ya kompyuta za chogo tulizojifunzia. Hii 1366 ni namba isiyo na adabu. Zile safu 768 zilirithiwa kwenye kompyuta hizo, upana ukatanuliwa kufuata 16:9. Ukipiga hesabu unapata 1365 na theluthi, na kwa kuwa theluthi ya pikseli haipo, wakaandika 1366. Matangazo hayarushwi kwa saizi hiyo. Yanakuja kwa safu 576, 720 au 1080, na TV inalazimika kuyapimia upya kila sekunde.

Hapo nina malalamiko. Jirani yangu alinunua inchi 32 kwenye duka moja mjini, boksi limeandikwa Full HD, yaani kile kioo cha 1920 kwa 1080, akalipa bei ya Full HD. Akaniuliza mbona maandishi madogo hayasomeki vizuri akichomeka kompyuta mpakato. Nikachukua rula ya mtoto wa shule, nikaiweka kwenye kioo kilichowashwa cheupe, nikapiga picha kwa simu kwa karibu kabisa, kisha nikaikuza. Kila pikseli inaonekana kama vijinafasi vitatu vilivyopangana, chekundu, kijani na bluu. Nikahesabu ndani ya sentimita moja: 19. TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, kwa hiyo Full HD halisi ingekuwa na 27 ndani ya sentimita hiyo. Kumi na tisa maana yake ni 1366. TV inapokea mawimbi ya 1080 kweli, ila inayabana kwenye safu 768. Muuzaji alisema "inasapoti." Kusapoti si kuwa nayo. Nendeni na rula dukani, hakuna aibu.

Inchi nazo zimetupiga. Zinapimwa kona hadi kona, na kona hadi kona haikuambii kimo. Kwa 16:9, kimo ni karibu nusu ya inchi zinazotajwa, pungufu kidogo. Kwa chogo la 4:3 kilikuwa sehemu sita kati ya kumi. Mzee wangu aliuza chogo la inchi 21 akanunua flati ya inchi 24, akijua amepanda. Chogo lake lilikuwa na kimo cha sentimita 32 kwa namba za boksi; flati ina sentimita 30. Msomaji wa habari amekuwa mfupi kuliko alivyokuwa, na mzee alisogeza kiti mbele bila kujua kwa nini. Anayetaka kubadilisha chogo la 21 bila kupoteza kimo anahitaji inchi 26 kwenda juu. Laiti ningemwambia mapema.

Na kama TV ni kwa ajili ya mikanda ya zamani tu, usijiumize kutafuta 4K, vile vioo vyenye pikseli nyingi kuliko Full HD. VHS haina undani wa kujaza hata hicho cha 1366. Kinachohitajika ni uwiano sahihi.

Wenzangu wa kazi hii, nasi tuna la kujibu. Video ya PAL, mfumo wa TV uliotumika kwetu enzi za chogo, inaingia kwenye kompyuta ikiwa 720 kwa 576. Ukigawanya hupati 4:3, unapata 5:4. Sababu ni kwamba pikseli za mfumo ule si mraba, zina unene kidogo kwa upana. Ukiihifadhi hivyohivyo kama ya mraba, kila mtu anakonda kwa asilimia 6. Nilifanya hivyo miezi yangu ya kwanza kazini, na zipo familia mbili niliowafuata nikawarudishia kazi upya bila malipo. Siku hizi natoa 768 kwa 576, ambayo ni 4:3 kamili kwa pikseli za mraba. Hata hivyo TV ya nyumbani ikiwekwa kwenye kuvuta, kazi yote hiyo inaharibika kwa kitufe kimoja.

Mahali pengine pa kuangalia ni king'amuzi. Kwenye kibanda umiza kimoja kule Gungu niliona mpira wa miguu unakimbia kama papai. King'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwa zile waya za AV za rangi tatu, kikatoa 4:3, TV ikaivuta iwe 16:9. Pale kitufe cha TV peke yake hakitoshi. Inabidi uingie kwenye menyu ya king'amuzi uweke 16:9 hukohuko. Tulibadilisha wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili mzee mmoja pembeni yangu akasema wachezaji wamerefuka.

Kwa picha za msibani sisemi mengi, maana inaniuma. Anayetengeneza bango la marehemu anashika ubavu wa picha kwa kipanya anauvuta ufike ukingoni. Shika kona, usishike ubavu. Nafasi ikibaki, weka maua.

Zimebaki simu. Vijana wanapiga wima, 9:16, na wazee wa kazi wanawakaripia. Mimi siwakaripii. Mtu aliyesimama ni wima, mchikichi ni wima, bibi harusi anayeshuka kwenye gari na gauni lake refu ni wima. Simu imelikubali umbo la mtu kuliko TV ilivyowahi kulikubali. Shida inakuja pale video hiyo inapopelekwa ukumbini: kwenye kioo cha Full HD inakaa katikati kwa upana wa pikseli 607 tu, chini ya theluthi moja ya kioo, na mtu wa mitambo kwa kuona aibu ya weusi anaivuta ijae. Hapo mtu anatanuka zaidi ya mara tatu. Iacheni ikae katikati, nyembamba hivyohivyo. Wageni wataiona.

Ila ukienda Kibirizi jioni, mitumbwi ya dagaa inaanza kutoka na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, tafadhali laza simu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, halitaki kusimamishwa.

Yule kijana wa Ujiji alikuja dukani wiki iliyofuata na flashi ileile, akaomba nakala tatu kwa ajili ya dada zake walioko Tabora na Dar. Nikamtengenezea. Kisha nikachukua maka peni, na kwenye kila flashi nikaandika kwa herufi kubwa: 4:3, USIVUTE. Sasa naandika hivyo kwenye kila flashi inayotoka dukani kwangu.