Nilivyopitia Grosari Nikienda Ukweni

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Uingereza wiki 2 tu zilizopita nilipopanda Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, ambaye baba yake ni mzee wa kanisa. Walinitarajia saa saba, nami niliingia saa tisa, macho mekundu kwa vumbi la njiani, nikimung'unya pipi ya minti ili kinywa changu kisiniaibishe.

"Shikamoo, baba. Mniwie radhi, nilipitia grosari mara moja, watu wakawa wengi."

Mama mkwe aliacha kumimina chai. Mchumba wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikadhani ananitia moyo, nikaeleza kwamba kule Uingereza nilikwenda grosari kila Jumamosi na mwenye nyumba wangu, bibi wa miaka 80, na kwamba siku nyingine tulirudi tumeelemewa hata ngazi tukazipanda kwa kushikana mikono.

"Na bibi huyo naye?" aliuliza mzee.

"Yeye ndiye aliyenifundisha, baba."

Ndipo nilipokumbuka niko wapi. Kwetu Tanzania grosari si duka la vyakula, ni baa ndogo: viti vya plastiki, kreti za bia zilizopangwa hadi dirishani na harufu ya mishikaki. Ukiulizia kilo ya sukari utachekwa. Ningesema tu kwamba nimetoka kwa Mangi, kama nchi nzima inavyoliita duka la mtaani kwa cheo cha watawala wa zamani wa Wachaga, ningesalimika, tena mbele ya Mchaga.

Badala ya kufungua mfuko na kuonyesha sukari, majani ya chai na sabuni nilizowaletea, nilichagua kutoa somo, maana shule ina madhara yake. Nilisema kwamba neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao wakalitoa katika Kilatini, ambako *grossus* ni kitu kinene au kikubwa. Kwamba mwenye grosari wa kwanza hakupima kwa kikombe bali aliuza kwa jumla. Na kwamba chama cha wenye grosari cha London, kilichoanzishwa mwaka 1345, kilitokana na wauza pilipili.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

"Kwa hiyo, mwanangu," alisema taratibu, "wewe hunywi chupa mojamoja. Wewe unakunywa kwa jumla."

"Na pilipili," aliongeza mama mkwe, akiutazama mkono wangu uliokuwa umeshika sambusa.

Mfuko ulifunguliwa hatimaye, wakacheka hadi jirani akaja kuuliza kulikoni. Hata hivyo, orodha ya mahari ilipofika kwetu miezi mitatu baadaye, chini ya mbuzi, blanketi la bibi na madebe ya mbege (mbege kwa mzee si pombe, ni mila), palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa baba mkwe mwenyewe: "Soda kreti 6. Mkwe azinunue grosari, kwa bei ya jumla."