Vajat si kibanda cha fungate

Jumamosi rafiki yangu kanitumia tangazo: "vajat ya kimapenzi" (vajat ni kibanda cha mbao cha uani cha kulala wanandoa), Zlatibor, kule milimani Serbia, watu wawili, beseni la maji moto nje, sakafu yenye joto. Sakafu yenye joto! Nilicheka hadi chai ikanipalia, kisha nikakasirika.

Nendeni Sirogojno, kijiji cha huko huko Zlatibor chenye makumbusho ya nyumba za kale. Na safari hii msiishie kwenye sweta (nzuri, sikatai, akina mama wa kule wanajua kufuma na pochi yangu ni shahidi). Pandeni hadi kwenye nyumba za magogo zilizobomolewa vijijini huko Zlatibor zikaja kusimamishwa upya pale, gogo kwa gogo. Ingieni ile kubwa. Milango miwili inatazamana, moto uko chini katikati, mnyororo wa kutundikia chungu unaning'inia juu yake, bomba la moshi hakuna. Moshi unajipandia kwenye paa refu lililochongoka, unakausha nyama, unapaka mbao masizi zisioze, ndipo utoke. Chumba hicho chenye moto ndicho wanachokiita kuća, nyumba, jina lile lile la jengo zima. Zamani hata kodi ilihesabiwa kwa moshi: moshi mmoja, kaya moja. (Watu wa Moshi tulieni, najua mnachotaka kusema.)

Waliojenga hivi, wakiwemo mafundi wa Osat kutoka ng'ambo ya mto Drina, nawavulia kofia. Kuhusu Drvengrad, ule mji wa mbao wa mwongozaji filamu Kusturica, sisemi kitu. Ule ulijengwa kwa ajili ya sinema na haujifichi.

Sasa tokeni nje. Uani kuna vibanda: cha maziwa, cha nafaka, cha mapipa ya rakija (pombe kali ya matunda), halafu hivyo vya vajat. Kijana akioa, anajengewa chake. Chungulieni ndani: kitanda, kasha la nguo za bibi harusi, basi. Tafuteni meko. Hakuna, wala haikuwahi kuwepo. Zadruga nzima, yaani ukoo wa kaya moja, mzee na wanawe na wake zao na wajukuu, ilikuwa na moto mmoja, nao uko kule kwenye nyumba kubwa. Januari theluji imefika magotini, nyinyi wawili mna blanketi na Mungu.

Na nani aliamka wa kwanza? Mkaza mwana mpya, nani mwingine. Anatoka kwenye ubaridi wake gizani, anakanyaga theluji, anakwenda kuchochea moto ili baba mkwe akifungua macho akute joto. Jioni anawaosha wazee miguu, na wageni pia. Zamu yake ya wiki ikifika anaitwa reduša: anakanda mkate na kupika kwa ajili ya wote, na kaya za watu 20 na zaidi zilikuwepo. Wiki ikiisha hapumziki, kuna sufu ya kusokota na shamba linangoja. Wageni tunapiga picha na kusema "maisha yalikuwa rahisi". Rahisi kwa nani? Kwa aliyekaa kwenye kigoda karibu na moto, labda.

Nimekulia kwenye nyumba ya mafiga. Namjua anayeamka alfajiri kupuliza kuni, na macho yake yanavyokuwa mekundu ifikapo saa moja. Mtu asiniambie hayo ni mapenzi.

Haya, nakubali jambo moja, shingo upande. Mwenye nyumba wangu, bibi mtu mzima, alinisimulia siku ya slava yao, sikukuu ya mtakatifu wa familia, kwamba bibi yake hakuwa na jema la kusema kuhusu baridi ya vajat, isipokuwa komeo. Lilikuwa upande wa ndani. Katika ua ambao hata chumvi ilikuwa ya wote, kile kipande cha mti kilikuwa chake na mumewe.

Nimemwandikia mwenye tangazo nimuulize bei ikoje bila sakafu ya joto, na kama komeo bado lipo. Hajajibu.