Dagaa wa Kwenye Simu Hawaanikiki

Jamani, dagaa mimi nawajua. Wakishushwa mwaloni pale Kirumba, Mwanza, alfajiri, nikiwashika tu kiganjani nakwambia kama wamevuliwa usiku huu au wamelala. Kuanika mchangani niliacha siku nyingi. Naanika kwenye chanja, upepo unapita juu na chini, wanakauka upesi, na mnunuzi wa Kongo hatafuni kokoto. Sasa kikundi chetu kimeambiwa kwamba anayetaka mkopo apite kwanza kwenye mafunzo ya mtandaoni. Mafunzo ya nini? Ya kuanika dagaa.

Haya, nikafungua linki. Hata sijasoma kitu, skrini yote ikaingia giza, kikabaki kiduara kimoja kinawaka pembeni: "Bonyeza hapa." Nikabonyeza. Kikazimika, kikawaka kingine chini. Nikakifuata, kikahamia juu. Na kila nikigusa, kuna sauti ya binti: "Hongera! Umefanya vizuri sana!" Nimefanya nini, binti yangu? Hapo ndipo niliwaonea dagaa huruma. Usiku usio na mwezi wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanajazana kuangalia kuna nini, kumbe wavu uko chini unawasubiri.

Ikaja video. Bwana mmoja amevaa tai ananieleza kwamba Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba kama 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Asante sana, ndilo linaloniloweshea viatu kila asubuhi. Nikataka kumruka. Wapi! Kitufe cha "Endelea" ni cha kijivu, hakishikiki mpaka bwana amalize. Ukiivuta video mbele inagoma, ukiivuta nyuma inakubali kwa furaha. Na bando linakwenda.

Halafu kuna hili la kurudi nyuma. Kumbe kurudi kuko kwa aina mbili! Kuna mshale wa somo, unakurudisha ukurasa mmoja, na kuna kurudi kwa simu yenyewe, kunakotupa nje ya mafunzo mazima kama vile hujawahi kuingia. Vyote vinaitwa "Rudi". Ukiingia tena, "Karibu! Tuanze!" Bwana wa tai anaanza upya na kilomita zake.

Mpwa wangu anasoma chuo kule Nyegezi, nikamwita. Akaniambia, "Anko, mahali ulipofikia panatunzwa humo humo kwenye kivinjari cha simu yako. Nani amefuta historia?" Nani tena, zaidi ya huyu mwanangu mdogo wa darasa la nne aliyekuwa anatafuta nafasi ya gemu!

"Bonyeza vile vimistari vitatu," akasema.

"Vimistari gani?"

"Pale kwenye kona, anko. Ndiyo orodha ya masomo yote."

Mimi nilidhani ni kioo kimepasuka, maana changu kina mistari mingi. Akaniambia vilichorwa na Norm Cox, kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Toka 1981! Yaani miaka yote hiyo imepita na hakuna aliyefikiria kuandika tu "Orodha".

Lakini yote hayo nasamehe. Lililonimaliza ni zoezi. Upande mmoja picha ya dagaa mchangani, upande wa pili chanja. "Kokota dagaa uwaweke mahali sahihi." Nikawakokota. Wakafika katikati, wakarudi mchangani. Nikafuta kidole kwenye shati, nikawakokota taratibu, wakafika ukingoni kabisa mwa chanja, nikainua kidole, wakarudi. Binti akasema, "Jaribu tena! Kumbuka, mchanga huchafua dagaa." Ananikumbusha mimi! Pembeni chanja zangu zimejaa, za mbao na nyavu, zinanuka hadi barabarani, na mzee mzima nimeshindwa kuanika dagaa wa picha.

Mnunuzi akapita, akauliza bei ya gunia. Nikamwambia asubiri, nina dagaa hewani. Akamtazama mpwa wangu, akaenda kwa jirani.

Mpwa akaigeuza simu ikalala kwa upana, na chanja ikatanuka. Dagaa wakaingia kwa kidole kimoja. "Somo limetengenezewa kompyuta, anko, siyo simu." Na waliotumiwa hiyo linki ni wauza dagaa!

Wakati tunashuka kwenye ile orodha ya vimistari, chini kabisa, chini hata ya "Ondoka", tukakuta maandishi madogo: "Msaada: Jinsi ya Kutumia Mafunzo Haya." Nikasema basi, dawa ndiyo hii. Nikabonyeza. Bwana wa tai akatokea akitabasamu, na kitufe cha "Endelea" kikawa cha kijivu.