Dola Haina Presha, Chumba Kina Presha

Nilipofika Hong Kong mara ya kwanza, 2008, dola zangu zilikuwa ndani ya soksi na orodha ya simu ilikuwa mfukoni. Kariakoo walishanielekeza: ukitoka uwanja wa ndege panda basi, teremka Nathan Road, ulizia jengo la Chungking Mansions, na usimfuate mtu anayekuita rafiki. Pale chini, ukivuka tu mlango, maduka ya kubadilishia fedha yamebanana kama vibanda vya miamala. Nikasoma ubao: dola moja ya Marekani kwa saba na senti zake za pale. Nikaandika kwenye daftari. Safari ya pili, mwaka uliofuata, saba na senti. Safari ya mwisho, 2015, saba na senti zilezile. Kwetu katika miaka hiyohiyo dola ilitoka kwenye shilingi 1,200 hivi ikavuka 2,000, na kila ilipochupa nilikuwa napiga hesabu upya mzigo ukiwa bado njiani.

Nikamweleza maajabu hayo mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa mwenyeji wetu sote mle ghorofani. Akacheka. "Mwanangu, hapa dola haina presha. Presha iko kwenye chumba." Alikuwa amepanga chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, na kila mwaka niliporudi mwenye nyumba alikuwa amempandishia.

Biashara ya simu ilinifundisha kusoma ripoti za uchumi, jambo ambalo mwalimu wangu wa hesabu asingeliamini. Kuhusu mji ule ziko nyingi. Mamlaka ya fedha ya Hong Kong ilianzisha taasisi ya utafiti 1999, na vyuo vikuu vyao havilali. Nimesoma kiasi changu, na naona mzee yule alishamaliza kazi. Uchumi wa mji ulioacha mlango wazi kwa dunia huwezi kuuelewa ukisimama bandarini. Inabidi uulize presha imekwenda wapi. Kwetu kila anayesema "Zanzibar iwe Hong Kong" anaanza na makontena na kuishia kwenye makontena, na hapo ndipo ninapogombana naye.

Tuanze basi na hayo makontena. Hong Kong ina watu milioni saba na nusu, na thamani ya bidhaa zinazoingia na kutoka ni kama mara tatu ya pato lote la mji. Msomi wa uchumi wa nchi kubwa hushtuka akisikia hivyo. Muuza simu hashtuki. Nikinunua simu kwa 90 nikaiuza kwa 100, biashara iliyoonekana ni 190, na kilichobaki mkononi ni kumi, kabla sijalipa pango. Zaidi ya asilimia 95 ya bidhaa zinazouzwa nje kutoka Hong Kong hazikutengenezwa pale. Zimepita tu. Mwanaanthropolojia Gordon Mathews wa Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong aliwahi kukadiria kwamba hadi simu moja kati ya tano zilizokuwa zikitumika Afrika kusini mwa Sahara ilipitia jengo lile moja la Chungking. Mji ulibaki na nini kwenye kila simu? Faida ya jumla, pango la kibanda, kitanda changu, sahani yangu ya biriani ya Mpakistani.

Ndiyo maana idadi ya makontena hudanganya. Mpaka 2004 bandari yao ilikuwa ikigombea na Singapore nafasi ya kwanza duniani. Mwaka 2011 walipitisha makontena milioni 24 hivi, na 2024 hayakufika milioni 14. Kwa hesabu ya bandari, mji umeporomoka karibu nusu. Pato lake halikuporomoka hivyo, kwa sababu fedha ilishahamia kwenye benki, bima, sheria na udalali wa mikataba. Viwanda navyo vilishavuka kwenda Shenzhen na kwingineko bara tangu China ilipofungua milango mwishoni mwa miaka ya 1970.

Sasa namba ya ubaoni. Ina tarehe yake ya kuzaliwa: 17 Oktoba 1983.

Kabla ya hapo dola ya Hong Kong ilikuwa ikielea tangu 1974. Septemba 1982 Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, akaenda Beijing kuzungumzia hatima ya koloni lile, mazungumzo yakawa magumu, na hofu ikaanza kula sarafu. Jumamosi ya tarehe 24 Septemba 1983 dola moja ya Marekani ilifika 9.60 za pale. Watu wakajazana madukani kukomba mchele na mafuta ya kupikia. John Greenwood, mchumi aliyekuwa akihariri jarida dogo la masuala ya fedha hukohuko Hong Kong, alikuwa ameshaandika tiba: funga sarafu kwenye dola ya Marekani, na pasitoke noti isiyo na dola nyuma yake. Serikali ikaichukua, ikaweka 7.80. Benki inayotaka kutoa noti sharti kwanza ipeleke dola za Marekani kwenye mfuko wa serikali kwa bei hiyo. Hakuna dola kabatini, hakuna noti mtaani. Tangu 2005 wanaruhusu bei icheze kati ya 7.75 na 7.85, basi. Ni nadra sana utafiti wa mtu mmoja kugeuka sera ya mji ndani ya wiki chache namna ile, na sijui kama ingewezekana bila ile foleni ya mchele.

Mfumo wenyewe si mgeni kwetu, tumeusahau tu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ilifanya kazi vivyo hivyo. Shilingi ya babu zetu ilifungwa kwenye pauni, ishirini kwa moja, na haikutoka mpaka pauni iwekwe London. Hong Kong yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye pauni hiyohiyo tangu 1935. Mkonge na kahawa vikipata bei, shilingi zinaongezeka mitaani. Bei ikianguka zinakauka, na hapakuwa na mtu Dar es Salaam wala Nairobi mwenye uwezo wa kulainisha chochote. Mwaka 1966 nchi zetu zikafungua benki kuu zake na bodi ikaagwa. Sisi tukachagua uhuru wa kuamua, pamoja na uhuru wa kukosea, ambao tumeutumia vya kutosha. Wao baada ya miaka tisa ya kuelea wakarudi kwenye kamba.

Ukishafunga kamba, riba yako inaamuliwa Washington, kwenye benki kuu ya Marekani. Hilo kila kitabu kinalisema. Kisichosemwa vya kutosha ni nani hubeba mzigo wakati wa dhoruba. Mwaka 1997 baht ya Thailand ilianguka Julai, na jirani baada ya jirani akaacha sarafu yake iteleze. Hong Kong ikagoma. Tarehe 23 Oktoba riba ya kukopeshana usiku mmoja baina ya mabenki ilipanda mpaka asilimia 280. Agosti 1998 serikali iliyosifiwa dunia nzima kwa kutoingilia soko ikaingia kwenye soko la hisa na kununua hisa za dola za Hong Kong bilioni 118 ili kuwavunja walanguzi. Milton Friedman, mchumi wa Kimarekani aliyekuwa shabiki nambari moja wa mji ule, alilalamika. Mimi namwelewa aliyenunua. Nyumba ikiwaka humuulizi jirani kama ndoo inaruhusiwa na katiba.

Sarafu ikasimama. Vingine vyote vikaanguka badala yake. Kuanzia mwishoni mwa 1998 hadi 2004 bei za vitu zilikuwa zikishuka, jambo ambalo likisikika Kariakoo watu watapiga vigelegele, mpaka waelezwe kwamba mishahara ilishuka pia na deni la benki likabaki palepale. Bei za nyumba zilipungua kwa zaidi ya asilimia 60 kati ya 1997 na 2003. Zaidi ya mikopo 100,000 ya nyumba ilikuwa mikubwa kuliko bei ya nyumba zenyewe. Yule karani aliyenunua nyumba mapema 1997 ndiye aliyelipia utulivu wa ubao niliousoma mimi 2008. Mfanyabiashara wa kupita alipata bei isiyotikisika, na bili ikaenda kwa mkazi.

Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 gurudumu likageukia upande wa pili. Marekani ikashusha riba karibu na sifuri kwa ugonjwa wake yenyewe, Hong Kong ikaimeza dawa hiyo ikiwa haiumwi, na fedha kutoka bara zikamiminika. Nyumba zikapanda mfululizo. Hapo ndipo chumba cha mzee kilipopanda. Halafu 2022 Marekani ikapandisha riba kwa kasi wakati uchumi wa Hong Kong ukisinyaa, na ikabidi wafuate tena.

Lakini ninapotaka watafiti wakae zaidi ni kwenye ardhi. Ardhi yote ya Hong Kong ni ya serikali, isipokuwa kiwanja cha kanisa kuu la St John's. Wengine wote wamekodi kwa miaka. Serikali hunadi viwanja kidogokidogo, na katika mwaka wa fedha 2017/18 mapato hayo yalikuwa zaidi ya robo ya mapato yake yote. Ushuru wa forodha hakuna isipokuwa aina chache, kama pombe kali, tumbaku na mafuta. Kodi ya mauzo hakuna. Waliipendekeza 2006, wananchi wakapiga kelele, ikaachwa Desemba mwaka huohuo. Kodi ya faida ya kampuni ni asilimia 16.5. Watu wetu wakisoma hapo wanasema, "Ona, kodi ndogo." Ndogo wapi? Muuza tambi anailipa ndani ya pango, na mteja anailipa ndani ya bakuli. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaotoa kilemba kabla hata ya kupewa funguo wanaijua kodi ya namna hiyo ambayo haina risiti. Tena serikali inayokula kutokana na ardhi ghali ina sababu gani ya kuharakisha ardhi ishuke? Soko la nyumba lilipolala, mapato ya viwanja yakaanguka hadi dola za pale bilioni 20 hivi mwaka 2023/24, na bajeti ikayumba.

Kuna kitu kingine ambacho wanaolisifu soko huria hukiruka kama dimbwi. Usiku wa Krismasi 1953 moto uliunguza vibanda vya Shek Kip Mei, na watu zaidi ya 50,000 wakalala nje. Koloni lile bahili likaanza kujenga nyumba za umma, na leo karibu wakazi watatu kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba za kupanga za serikali. Mshahara mdogo wa kiwandani uliwezekana kwa sababu pango lilikuwa dogo. Shangazi yangu anaishi Michenzani, kwenye yale magorofa marefu yaliyojengwa enzi za Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na watu huyacheka kama masanduku. Bandari huru mashuhuri kuliko zote duniani ilijengewa juu ya masanduku ya aina hiyo. Waliokosa nafasi humo husubiri kwa wastani wa miaka mitano hivi, na zaidi ya watu laki mbili wamejibana kwenye nyumba zilizokatwakatwa vipande.

Hapa nina ugomvi na marehemu John Cowperthwaite, katibu wa fedha wa mji ule kuanzia 1961 hadi 1971. Anakumbukwa kwa kukataa takwimu za pato la mji zisikusanywe, akihofia wapenda mipango wangezifanya kisingizio cha kuingilia. Zamani nilimwona shujaa. Siku hizi naona alihesabu alichotaka. Bakaa ya serikali aliijua mpaka senti.

Nirudi nyumbani kidogo. Unguja ilishawahi kuwa bandari huru: ilitangazwa 1892, Wajerumani wakiwa Dar es Salaam wanaivuta biashara ya bara, na kufika 1899 ushuru wa asilimia tano ukarudishwa kwa sababu serikali haiishi kwa sifa. Leo Zanzibar haina sarafu yake, na ushuru wa forodha inaufuata ule wa pamoja wa Afrika Mashariki. Maana yake, tayari ina namba yake iliyofungwa: shilingi moja ya Unguja ni shilingi moja ya Dodoma, utalii uwe juu uwe chini. Ikiwa ni hivyo, presha ya misimu ya watalii inapumulia wapi? Nadhani kwenye pango la Paje na Nungwi, na kwenye bei ya samaki changu pale Darajani hoteli zinapojaa. Ningependa mtafiti aende na daftari kwa mhudumu wa hoteli, amuulize analala wapi, anatoka nyumbani saa ngapi, na miaka mitano iliyopita alilipa kiasi gani. Idadi ya wageni waliotua uwanjani tunaisikia kila mwezi.

Mzee wangu alisharudi, ana duka Mtaa wa Aggrey. Juzi nilipita nikamwonyesha kwenye simu bei ya leo ya Hong Kong: saba na senti zake, miaka arobaini na ushee. Akavaa miwani, akaitazama, akanirudishia simu.

"Na chumba?"