Sikupigwa na njiwa, jamani

Kwa wale mlioiona ile video ya shemeji naomba nisikilizwe, maana kaiweka bila sauti, kaanzia katikati, halafu kaandika chini "Msambaa atekwa na njiwa Leeds". Uongo. Mimi na njiwa tulitekwa wote.

Iko hivi. Nina kaploti huku Uingereza, vile vishamba vya halmashauri watu wa mjini wanakodi kwa mwaka, kila mtu na kibanda chake cha mbao na chupa yake ya chai. Siku niliyokabidhiwa nikatamba kwenye grupu, mtoto wa Lushoto kaingia kazini, kwetu kabichi zinashuka Mombo kwa malori kwenda kulisha Dar, nani atanifundisha mimi kabichi? Basi babu mmoja wa kizungu wa ploti ya jirani akanifundisha. Kumbe huku kuna kabichi inapandwa makusudi ipigwe na baridi! Unasia mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, Septemba unahamisha miche, halafu inakaa nje huko imejikunyata majira yote ya baridi, haikui na haifi, ikifika Machi unaipa mbolea ya kukuzia ndo inashtuka, Aprili Mei unakula wakati bustani za wenzio tupu. Hiyo mbolea ole wako uiweke kabla ya baridi, majani yanakuwa laini barafu inayamaliza. Zangu ni Durham Early, hazifungi duara kama zile za kwetu, kichwa chake kimechongoka.

Halafu udongo ukiganda ukayeyuka unainua miche, mizizi inabaki inaning'inia, kwa hiyo unapita mstarini unakandamiza kwa kisigino pembeni ya kila shina. Ile klipu ya pili mnayosema nacheza mdumange peke yangu kwenye theluji ndo hiyo. Nilikuwa kazini, tafadhali.

Sasa adui wa kabichi hizi ni njiwa pori. Usimuwaze yule njiwa wa kufuga pale kwa jirani yenu, huyu anafika nusu kilo, ana baka jeupe shingoni kama kola ya padri, na theluji ikianguka ikafunika kila kitu anabaki anaziangalia kabichi zako tu. Anakula jani lote anakuachia mshipa wa katikati. Ndo maana tunaweka neti.

Juzi Jumamosi theluji ilianguka usiku kucha ikailalia neti mpaka ikabonyea kwenye majani. Ikibonyea hivyo umekwisha, njiwa hahangaiki kuingia, anatua juu anadonolea kwenye matundu. Nikamwomba shemeji anipeleke fasta nikaikung'ute, akakubali kwa sharti nimchumie mboga, tukafika, yeye akabaki kwenye gari na hita yake. Nasogea naona kitu kinatembea. Njiwa. Na hayuko juu ya neti, yuko NDANI, anatembea katikati ya mistari kama kakodi yeye.

Hapa twende taratibu maana ndipo heshima yangu ilipoishia.

Nikanyanyua ukingo wa neti nikaingia kwa magoti, hesabu zangu namswaga atokee upande wa pili. Njiwa akaniangalia. Nikamwangalia. Nikasema "shii". Sijui shii ya Usambara huku haieleweki, maana badala ya kwenda mbele akanijia mimi, mabawa ya uso. Nikainua mkono kujikinga, sasa glovu zangu kwenye kifundo zina ule mkanda wa kunata, wa kubandua krrr, ukashika neti. Nikautoa kwa mkono wa pili. Nao una mkanda. Nikasema basi nisimame (we unayecheka hapo, usijifanye ungewaza vizuri zaidi), zipu ya kofia ya koti ikanasa kisogoni, kichwa hakipandi hakishuki, nikarudisha mguu nyuma, buti likaingia kwenye tundu, nikaenda chini.

Na sikuanguka mara moja kama watu wengine. Nilianguka kwa awamu. Goti kwanza, likatua juu ya kabichi, nikaisikia kabisa inavyovunjika. Kikafuata kiwiko. Halafu ile mianzi inayoshikilia neti ikaanza kulala mmoja mmoja kunifuata, na kila mwanzi kichwani umevalishwa kopo la mtindi usije ukatoboa watu macho, makopo yakawa yanadondoka kisogoni kwangu, ko, ko, ko. Theluji iliyobaki juu ya neti ikaona upenyo kwenye kola, ikaingia, ikaanza safari ya kushuka mgongoni bila haraka. Nimelala kifudifudi, shavu kwenye Durham Early, mikono imefungwa mbele, na njiwa katua mabegani kwangu maana ndo nafasi pekee iliyobaki humo ndani. Nikahisi kitu cha moto shingoni. Mmeelewa. Na kwa baridi ile, Mungu anisamehe, nilikisikia raha sekunde moja.

Ndo babu akapita na kikombe chake. Akasimama. Akaniangalia. Akasema, "Mzima?"

Na mimi kwa malezi niliyopewa, badala ya kusema nisaidie, nikajibu, "Mzima kabisa, wewe je?"

Akasema baridi ya leo imezidi. Nikasema kweli imezidi. Akasema wanadai itapungua wiki ijayo. Nikasema itakuwa vizuri. Tukanyamaza kidogo. Akapiga funda la chai, halafu akauliza, "Huyo njiwa, ni wako?"

Akaleta mkasi. Akamtoa njiwa kwanza. KWANZA. Kwa upole, vidole viwili, anamwambia pole pole, mimi huku nahesabu meno yanavyogongana, na kule kwenye gari namuona shemeji kapiga kichwa kwenye usukani kwa kucheka, simu juu.

Mengine hayana maana. Neti imekatwa vipande, babu anasema kabichi ambazo moyo haujaguswa zitachipua tena, zilizovunjika tule sasa hivi, shemeji akabeba zote, akaenda kuziunga na karanga, akala akashiba, ndo akapost. Mboga zangu ziko tumboni mwake anaandika Msambaa katekwa.

Video ilifika Lushoto sijabadili hata shati. Mama akapiga, nikajua hapa napewa pole. Akaniuliza, "Sasa baba, njiwa mnene vile mmemshika mikononi, mkamwachia aende wapi?"